Jela, kontena au mashine pepe: kutenganisha huduma za seva iliyo wazi kwa intaneti

Tuseme una seva moja ya kukodi: viini viwili vya prosesa, RAM GB 4, diski GB 80 na anwani moja ya IP ya umma. Juu yake kuna tovuti ya WordPress, barua pepe ya Postfix na Dovecot, na NSD inayojibu maswali ya DNS ya kikoa chako. Vyote vikikaa kwenye mfumo mmoja bila ukuta katikati, programu-jalizi moja ya WordPress yenye tundu inampa mdukuzi mahali pa kusimama. Hapo atasoma kila faili ambayo mtumiaji `www-data` anaruhusiwa kuisoma, atagonga hifadhidata kupitia 127.0.0.1, atatuma barua taka kwa Postfix yako mwenyewe, kisha ataanza kutafuta njia ya kuwa root, msimamizi mwenye mamlaka yote. Kutenganisha hakuzibi tundu la programu-jalizi. Kunaamua tu, akishaingia, atafika wapi.

Zipo njia nne zinazofaa kulinganishwa. Tatu za kwanza ni kama nyumba ya vyumba vya kupanga: kila mpangaji ana kufuli lake, lakini paa ni moja. Paa hilo ni kerneli, kiini cha mfumo endeshi wa mwenyeji, yaani wa seva yenyewe. Ya nne, mashine pepe, ni nyumba ya pembeni yenye paa lake. Watu hubishana sana juu ya paa. Kwa maoni yetu wapangaji wengi huibiwa kwa ufunguo ulioachwa dirishani, na ndiyo maana hapa chini tumetumia nafasi kubwa kwenye makosa ya usanidi kuliko kwenye nadharia.

| | Jela ya FreeBSD | Incus (LXC) | Docker / Podman | Mashine pepe ya KVM |
|---|---|---|---|---|
| Kerneli | ya mwenyeji | ya mwenyeji | ya mwenyeji | yake yenyewe |
| Root wa ndani, nje ni nani? | root yuleyule | mtumiaji asiye na mamlaka | Docker: root, Podman bila root: mtumiaji aliyeianzisha | nje hatambuliki |
| RAM ya ziada | ndogo mno | ndogo, ya systemd na huduma zake | ndogo mno | MB 512 hadi GB 1 kwa kila moja |
| Inafaa kubeba | mfumo mzima au huduma moja | mfumo mzima | programu moja | mfumo mzima |
| Kosa linaloumiza zaidi | 127.0.0.1 kuwa anwani ya nje | kundi `incus-admin` | poti kupita faiwoli | masasisho kusahaulika |

Jela ya FreeBSD

Hii ndiyo kongwe. Ilikuja na FreeBSD 4.0 mwaka 2000, kazi ya Poul-Henning Kamp na Robert Watson, ikijenga juu ya `chroot` ya mwaka 1979, ambayo ilifunga faili peke yake na kuacha michakato na mtandao wazi. Jela inafunga vyote: root wa ndani hapakii moduli za kerneli, haoni michakato ya nje, na kwa chaguo-msingi hata soketi ghafi hapewi, kwa hiyo `ping` haifanyi kazi ndani. Ukikutana na hilo usikimbilie kuwasha `allow.raw_sockets`, pima muunganisho ukiwa kwa mwenyeji.

Usanidi wa kawaida kwa seva yenye IP moja ni kutengeneza kiolesura `lo1`, kuipa kila jela anwani ya faragha, na kuacha pf, faiwoli ya FreeBSD, ielekeze poti:

```
web {
    path = "/jails/web";
    host.hostname = "web";
    interface = "lo1";
    ip4.addr = 10.10.0.2;
    mount.devfs;
    devfs_ruleset = 4;
    enforce_statfs = 2;
    exec.clean;
    exec.start = "/bin/sh /etc/rc";
    exec.stop = "/bin/sh /etc/rc.shutdown";
}
```

Mambo manne huharibika hapa, na yote hayapigi kelele.

La kwanza: jela isiyo na `vnet` haina 127.0.0.1 yake. Programu ikiomba kusikiliza 127.0.0.1, kerneli inaibadilishia na kuipa anwani ya kwanza ya jela. Kama jela umeipa IP ya umma moja kwa moja, hifadhidata uliyoamini iko ndani tu inasikiliza dunia nzima. Ndiyo sababu ya `lo1`.

La pili: huduma za mwenyeji zinazosikiliza anwani zote hushika na anwani za jela. Ukifanya ssh kwenda 10.10.0.2 huku jela haina sshd, atakayejibu ni mwenyeji. Weka `ListenAddress` kwenye sshd ya mwenyeji, kisha hakiki kwa `sockstat -4l`. Usiache nyota yoyote mbele ya poti.

La tatu: mawasiliano kati ya jela mbili za namna hii hupita `lo0`. Mstari `set skip on lo0`, ambao karibu kila mfano wa pf.conf unao, unazifungulia jela zote mlango wa ndani. Uondoe, kisha andika kanuni zinazoruhusu kile tu kinachohitajika. Ukitaka kila jela iwe na mtandao wake kamili, tumia `vnet`, ambayo tangu FreeBSD 12.0 imo kwenye kerneli ya kawaida.

La nne linahusu watumiaji. FreeBSD haibadilishi namba za watumiaji (uid): uid 0 wa jela ni uid 0 wa nje. Root wa jela akitengeneza faili yenye alama ya setuid, yaani inayoendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili, na mtumiaji wa kawaida wa mwenyeji akaweza kuifikia kupitia `/jails/web`, mtumiaji huyo amekuwa root wa seva nzima. Dawa ni amri moja: `chmod 700 /jails`.

Upande wa faida, jela ina kitu ambacho hatujakiona kwa urahisi huo kwingine. Kwa mwenyeji, weka `chflags -R schg` kwenye `/jails/web/bin`, `/jails/web/sbin` na `/jails/web/usr/bin`. Root wa ndani hawezi kuiondoa alama hiyo, kwa hiyo hata akiwa na mamlaka yote ya jela hapandikizi `ls` yake ya uongo. Kabla ya `freebsd-update -b /jails/web fetch install` utaiondoa kwa `noschg`, la sivyo sasisho litagoma. Na kumbuka mpangilio: kerneli ya mwenyeji isasishwe kwanza, mfumo wa jela usiwe mpya kuliko kerneli.

Kikomo cha matumizi hakiwaki chenyewe. `kern.racct.enable=1` iingie `/boot/loader.conf`, seva iwashwe upya, ndipo `rctl -a jail:web:maxproc:deny=200` na `rctl -a jail:web:vmemoryuse:deny=2G` zitasikika. Ziandike pia kwenye `/etc/rctl.conf`, zisipotee.

Incus

Upande wa Linux, kitu cha karibu zaidi na jela ni kontena la mfumo mzima. LXC ilianza 2008. Incus ni tawi la LXD lililozaliwa Agosti 2023 baada ya Canonical kuichukua LXD chini ya usimamizi wake. Ndani unapata Debian au Alpine kamili yenye kuanzisha huduma zake, kwa hiyo Postfix, Dovecot na Rspamd hukaa pamoja kama kwenye seva ya kawaida. Kwa barua pepe hii ndiyo chaguo letu kwenye Linux. Kuigawa barua pepe kwenye makontena matano ya Docker ni kujitafutia kazi.

Nguvu yake kubwa ni namba za watumiaji. Kontena la kawaida la Incus halina mamlaka: root wa ndani nje ni, kwa mfano, uid 1000000, mtu asiyemiliki chochote. Akitoboa ukuta, anatua akiwa mtu wa chini kabisa. Lakini kwa chaguo-msingi makontena yote hutumia safu moja ya namba, maana yake aliyetoka kontena la tovuti anatua na uid ileile inayomiliki faili za kontena la barua. Tenganisha safu hizo:

```
incus launch images:debian/12 web
incus config set web security.idmap.isolated=true
incus config set web limits.memory=1GiB limits.cpu=1 limits.processes=300
incus config device override web eth0 security.port_isolation=true security.mac_filtering=true
incus restart web
```

`port_isolation` inazuia makontena yaliyowekewa mpangilio huo kuonana kwenye daraja moja. Haizuii kontena kumwona mwenyeji kwenye anwani ya daraja. Hilo ni juu ya faiwoli yako. Na usiwashe `security.privileged=true` kwa sababu tu folda uliyoipachika inakataa kuandikwa. Watunzaji wa LXC wenyewe husema wazi kwamba kontena lenye mamlaka halihesabiwi kuwa salama dhidi ya root wake. Tatizo la folda linatibiwa kwa `shift=true` kwenye kifaa cha diski.

Kuingiza poti kuna mtego mdogo. Kifaa cha `proxy` ni chepesi kuweka, lakini kila mgeni ataonekana kwenye logi kama 127.0.0.1, na fail2ban, inayofungia IP za wanaoshambulia, itamfungia huyo 127.0.0.1, yaani kila mtu. Ama uwashe `proxy_protocol=true` na kuiambia nginx iitegemee kwa `listen 80 proxy_protocol`, ama upe kontena IP isiyobadilika na kutumia `nat=true`. Postfix pia inataka maandalizi kama hayo, na kwake ni muhimu zaidi: ikiwa `mynetworks` ina 127.0.0.0/8 na kila muunganisho unaonekana kutoka 127.0.0.1, umefungua kituo cha barua taka.

Mtu yeyote kwenye kundi `incus-admin` ni root wa seva, bila kuulizwa nywila. Usimweke humo mtumiaji wa kupakia tovuti.

Docker na Podman

Docker, iliyotoka 2013, imeenea kwa sababu ya imeji zake, yaani programu zilizofungashwa tayari. Ulinzi ulikuja kama abiria. Hata hivyo msingi wake si mbaya: kontena hupewa vipande 14 tu vya mamlaka ya root, na kichujio cha seccomp huzuia wito wa mfumo 44 hivi kati ya zaidi ya 300. Shida ni kwamba, usipobadilisha kitu, root wa ndani ni root wa nje.

Hilo lilionekana Februari 2019 na tundu la CVE-2019-5736: mchakato wa root ndani ya kontena uliweza kuandika juu ya `runc` yenyewe, programu ya mwenyeji inayoanzisha makontena, na mara iliyofuata kontena lilipoanzishwa, mdukuzi akawa root wa seva. Waliokuwa wametenganisha namba za watumiaji hawakuguswa. Januari 2024 `runc` ikavuja tena, CVE-2024-21626, ikazibwa kwenye toleo 1.1.12. Kwa hiyo Docker bila `"userns-remap": "default"` ndani ya `/etc/docker/daemon.json` hatuipendekezi kwa kitu kinachoangalia intaneti. Ukiiwasha usishtuke imeji zako zote zikitoweka: Docker inahamia folda nyingine, za zamani bado zipo.

Lakini kosa linaloliza watu wengi ni dogo zaidi. `docker run -p 3306:3306` huandika kanuni yake kwenye iptables inayoigeuza njia ya pakiti kabla haijafika mlolongo wa INPUT. Faiwoli ya ufw inalinda INPUT. Matokeo yake ni kwamba `ufw deny 3306` inajibu vizuri, `ufw status` inaonyesha imefungwa, na hifadhidata iko wazi. Andika `-p 127.0.0.1:3306:3306`, au afadhali usitangaze poti hiyo kabisa na uziweke programu mbili kwenye mtandao mmoja ulioutengeneza kwa `--internal`. Kanuni zako za kuzuia ziende kwenye mlolongo wa DOCKER-USER.

Na ile `/var/run/docker.sock` ambayo zana nyingi za usimamizi huomba ipachikwe ndani: mwenye kuiandika anaweza kuanzisha kontena jingine lenye diski yote ya mwenyeji. Kupachika kwa `:ro` hakusaidii, kwani hicho si faili ya kusoma, ni mlango wa kutolea amri.

Kontena la nginx lililobanwa ipasavyo linafanana na hili:

```
docker run -d --name mbele \
  --read-only --tmpfs /tmp:size=64m \
  --cap-drop ALL \
  --security-opt no-new-privileges \
  --memory 256m --pids-limit 100 \
  -p 127.0.0.1:8080:8080 \
  nginxinc/nginx-unprivileged
```

Imeji hiyo husikiliza 8080 na haina root, ndiyo maana `--cap-drop ALL` haiivunji. nginx ya kawaida ingegoma kuanza.

Podman inasoma imeji zilezile, haina programu ya root inayokaa nyuma, na mtumiaji wa kawaida anaweza kuiendesha. Kwa seva mpya tunaanza nayo. Mambo ya kuandaa ni haya: mtumiaji mmoja kwa kila huduma, maana aliyetoroka kontena anakuwa mtumiaji huyo na faili zake zote, safu ya namba 65536 kwenye `/etc/subuid` na `/etc/subgid`, na `loginctl enable-linger`, la sivyo kontena hufa pale unapotoka kwenye ssh, jambo ambalo huwapotezea watu siku nzima. Poti za chini ya 1024 zinagoma hadi uweke `net.ipv4.ip_unprivileged_port_start=80`. Kuanzia Podman 5.0 mtandao wa chaguo-msingi ni pasta, na unahifadhi IP ya mgeni. Ukitengeneza mtandao wako mwenyewe, IP hiyo hupotea kwenye logi, kwa hiyo weka proksi ya mbele kwa mwenyeji.

Mashine pepe ya KVM

Machi 2022 tundu la Dirty Pipe, CVE-2022-0847, liliruhusu mchakato wowote kwenye kerneli 5.8 na kuendelea kuandika juu ya faili aliyoruhusiwa kusoma tu. `--read-only` haikuwa kinga, kwa kuwa maandishi yaliingia kwenye kumbukumbu ya kerneli inayoshikilia faili, na kumbukumbu hiyo ni ya makontena yote. Siku ya namna hiyo ndipo paa la peke yako lina maana. Kerneli ya mashine pepe ikitobolewa, mdukuzi amekuwa root wa mashine hiyo, na mbele yake kuna ukuta mwingine wa aina tofauti.

Ukuta huo nao una nyufa. Mei 2015 VENOM, CVE-2015-3456, ilipitia kifaa cha diski laini ambacho QEMU, programu inayoigiza vifaa vya mashine pepe, ilikuwa inakiigiza hata pale hakuna aliyekiomba. Endesha mashine kupitia libvirt ili QEMU isiwe root na AppArmor au SELinux iibane, na uondoe vifaa usivyohitaji: sauti, USB, skrini ya picha.

Gharama ni RAM. Kwenye GB 4 zetu, mashine tatu za GB 1 zinamwachia mwenyeji GB 1, na kila moja inataka masasisho yake. Washa `unattended-upgrades` ndani ya kila moja siku ya kwanza. Kabla ya yote angalia `ls -l /dev/kvm`. VPS (seva pepe za kukodi) nyingi hazina faili hiyo, maana mwenye seva hajaruhusu mashine ndani ya mashine. QEMU bila KVM itawaka, lakini itajikokota kiasi kwamba tovuti haitumiki.

Hapo ushauri wetu ni mfupi: mashine pepe ya bei nafuu kuliko zote ni VPS ya pili. Hamishia huko kile usichokiamini.

Uchague nini

Huduma ni moja tu, mfano NSD au nginx ya kurasa tulivu? Huenda huhitaji lolote kati ya haya. `systemctl edit nginx`, ongeza `NoNewPrivileges=yes`, `ProtectSystem=strict`, `PrivateTmp=yes`, `ProtectHome=yes` na `ReadWritePaths=` za folda inazoandika, kisha pima kwa `systemd-analyze security nginx` kabla na baada.

Barua pepe: Incus, au jela kama timu yako inaijua FreeBSD. WordPress na hifadhidata yake: Podman bila root. Msimbo wa wateja, au tovuti ambayo mtu mwingine anapakia programu-jalizi apendavyo: mashine pepe au VPS yake, hata kama inaudhi bajeti. Hakuna ubaya kuchanganya.

Chochote utakachochagua, zuia na kinachotoka. Kontena la tovuti halina sababu ya kufungua muunganisho kwenda poti 25 nje, na kwenye seva za wingu halina sababu ya kuigonga 169.254.169.254, ambako hukaa siri za mashine yenyewe. Ufunguo wa TLS ubaki kwenye proksi ya mbele. Nakala rudufu zivutwe kutoka nje. Seva isiwe na ufunguo wa kufuta nakala zake.

Kisha ijaribu kabla ya kuitangaza. Ndani ya kontena soma `/proc/self/uid_map`: ukiona `0 0 4294967295`, root wako ni root wa seva, rudi nyuma. `grep CapEff /proc/self/status` kwenye kontena lililonyang'anywa kila kitu itoe sufuri tupu. Jaribu kuifikia huduma ya jirani kwa `timeout 3 bash -c '</dev/tcp/10.10.0.3/5432'`, na amri hiyo ishindwe. Mwisho piga `nmap -p-` kwenye IP ya umma ukiwa kwenye mashine iliyo nje kabisa ya mtandao huo. Ukipima kutoka kwa mwenyeji utapata majibu mazuri hata pale 3306 iko wazi kwa dunia.